Sifa ya Kitako Ghafi

Ufundi aghalabu husifiwa kwa kazi zilizotimia: mlango uliokwisha nakishiwa, jahazi lililokwisha shushwa majini, kanzu iliyokwisha darizwa. Sina ugomvi na desturi hiyo. Lakini leo nataka kumsifu fundi wa namna nyingine, ambaye kazi yake, kwa makusudi na kwa mapatano, hutoka mikononi mwake haijatimia, na ambaye ustadi wake hudhihirika zaidi katika kujua ni wapi aondoe chombo chake amwachie mtu mwingine nafasi. Huyo ni yule achongaye kwa mashine vitako ghafi vya bunduki za kuwindia, yaani ule mti wote unaoichukua bunduki, tangu upande wa nyuma uegemeao begani, kupita shingo inayokamatwa kwa kiganja, hata ulimi wa mbele unaolala chini ya kasiba. Kisha akaviuza, vingali na unene wa ziada, kwa watu wapendao kuvimaliza wenyewe nyumbani kwao baada ya shughuli za mchana.

Watu hao ni wengi huko Marekani, na huko ndiko ilikozaliwa mashine yenyewe. Thomas Blanchard, mzaliwa wa Sutton katika jimbo la Massachusetts, alipewa na serikali yake mwaka 1819 hati ya kumiliki uvumbuzi wa kerezo lililoweza jambo ambalo makerezo ya kabla yake hayakuliweza. Kerezo la kawaida, kama lile ambalo kwalo mafundi wa pwani yetu wamekereza miguu ya vitanda kwa karne nyingi, hutoa umbo la mviringo tu. Ilhali kitako cha bunduki kimepinda hapa na kubonyea pale, na ubavu wake mmoja haulazimiki kufanana na wa pili. Blanchard aliviweka katika chombo chake vitu viwili, kiolezo na gogo, vikazunguka pamoja kwa mwendo mmoja. Gurudumu laini likapapasa juu ya kiolezo, likipanda penye uvimbe na kushuka penye bonde, na gurudumu la pili, lenye kipenyo kile kile lakini lililojaa meno makali, likafuata kila tendo la mwenziwe juu ya gogo, hata gogo likavaa sura ya kiolezo pasipo mtu yeyote kukisia kwa jicho. Kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield kilimwita aifanye kazi hiyo humo, na kerezo lake moja lingali linatazamwa na wageni katika jengo ambalo, tangu kiwanda kilipofungwa mwaka 1968, limekuwa nyumba ya makumbusho. Mashine za asili hiyo zilikuja kuchonga pia mipini ya mashoka, njiti za magurudumu na kalibu za viatu; basi huenda hata mtu asiyepata kushika bunduki maisha yake yote amekwisha kutembea juu ya fikira za Blanchard.

Wapo wasemao kwamba palipo na mashine hapana ufundi. Kauli hiyo huielewa mtu aliyeiona mashine ikienda, na huiacha mtu aliyemwona fundi kabla haijaanza kwenda. Mashine haina insafu: kosa la kiolezo huliandika kwa uaminifu ule ule inaoandika uzuri wake, tena hulirudia katika kila kitako hata mtu aizuie, kwa hiyo achongaye kiolezo hufanya kwa mkono, mara moja, kazi ambayo itamsema vizuri au vibaya mara mia. Na meno ya kukatia yakipoteza ukali kidogo tu, mti wenye mawimbi hunyofoka badala ya kukatika, na shimo linabaki mahali ambapo hapana tena nyama ya kulifuta.

Lakini elimu kubwa iko katika mti. Unaopendwa kupita yote ni mjozi, ama ule mweusi wa Marekani, ama ule ulioenea tangu Uajemi hata Ulaya. Kwani ni mgumu bila ya kuwa mzito mno, haupasuki kwa urahisi unapopigwa na teke la bunduki, hukubali chombo, na ukiisha kukauka vema hautangitangi kwa kila badiliko la hewa. Kukauka kwenyewe si jambo la pupa. Mbao hukatwa nene, inchi 2 na nusu au zaidi, ncha zake zikapakwa nta ili maji yasitoke kwa haraka upande huo na kuzifanya zipasuke. Kisha hupangwa kivulini kwa kadiri ambayo wazee wa kazi huikisia kuwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ama zikaingizwa katika tanuri la taratibu, hata unyevu ubaki sehemu 6 hadi 8 katika 100. Mwenye kuharakisha huuza balaa: kitako kibichi kitajikunja baadaye, kitaisukuma kasiba ubavuni, na mwindaji atakaa akijilaumu jicho lake ilhali jicho halina kosa.

Tena mjozi una tabia moja ya kumsumbua fundi, nayo ndiyo inayonifanya niistahi kazi hii. Uzuri wake mwingi, yale mawimbi na mistari ya moshi, hukusanyika karibu na mizizi na penye panda za matawi, yaani mahali pale pale ambapo nyuzi zimevurugika na nguvu imepungua. Shingo ya kitako ndiyo nyembamba, nayo hupokea mshtuko wote. Hapo zatakiwa nyuzi zilizonyoka, zinazofuata mwendo wa shingo kutoka mwanzo hata mwisho bila ya kukatiza. Basi fundi huchukua kiolezo cha plastiki ionyeshayo, akakitembeza juu ya ubao, akakigeuza, akakisogeza kidole kimoja, akitafuta namna ya kuuweka urembo nyuma, mahali penye unene wa kuuhimili, na unyofu shingoni; na ubao usiokubali mapatano hayo, hata ukiwa na uzuri wa kumliza mtu, fundi mwaminifu huurejesha rafuni ukafanywe kisanduku. Kwa rai yangu, ubao uliorejeshwa namna hiyo ni ushahidi mkubwa wa ustadi kuliko kitako chochote kilichouzwa.

Thamani ya mti huu iliwahi kuingia hata katika mambo ya dola. Katika vita kuu ya kwanza, mjozi mweusi ulitakiwa kwa vitako vya bunduki na kwa mapanga ya eropleni, na mwaka 1918 maskauti wa Marekani wakatumwa mashambani kuitafuta miti hiyo na kuihesabu. Missouri ni jimbo lenye mijozi mingi, na baada ya vita ya pili mji wake mdogo wa Warsaw, kando ya mto Osage, ulijulikana na wapenzi wa kazi hii kwa sababu ya viwanda viwili, cha Bishop na cha Fajen. Zama hizo bunduki za jeshi zilizostaafu, za Springfield na za Mauser, zilipatikana kwa fedha chache, zikiwa zimevikwa miti mirefu na mizito isiyomfaa mwindaji. Mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuagiza kwa posta kitako cha mjozi, akaivua bunduki vazi la askari na kuivika jingine.

Vitako hivyo hutangazwa kwamba uchimbaji wake umekwisha sehemu 90 au 95 katika 100, na zile 10 au 5 zilizobaki ndizo zinazokula majira ya jioni mwezi mzima. Hapa ndipo hesabu ya yule fundi wa kwanza inapopimwa. Akiacha mti mwingi mno ndani ya kitanda cha chuma, mnunuzi asiye na vyombo vikubwa atakata tamaa. Akiacha mchache mno, chuma kitacheza, na hakuna mkono utakaorudisha kilichokwisha kuondolewa. Humwachia pungufu ya milimita 1. Mnunuzi hupaka chuma masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, akakilaza mahali pake, akakigonga polepole na kukinyanyua. Palipogusana pana doa jeusi, na hapo huparuza kidogo tu, kisha hurudia tena, hata weusi ukaenea kila upande na chuma kikaketi kama mtoto mgongoni. Hasa kile kisigino cha chuma kilicho chini ya mtambo, kinachopokea teke lote, hakina budi kuegemea mti sawasawa, la sivyo siku moja mti utapasuka.

Nje, kazi ni ya tupa, kisha ya msasa, kisha ya maji: mti huloweshwa kidogo makusudi ili vinyweleo vyake visimame, ukakaushwa na kusuguliwa tena, mpaka usisimamishe chochote tena. Halafu yaja mafuta ya kitani, matone machache yasuguliwayo kwa kiganja hata kiganja kipate moto, na siku za kungoja baina ya mpako na mpako. Najua kwamba katika miaka ya 1960 ulipendwa sana mng'aro wa vanishi nene kama kioo, pamoja na ncha za mti mweusi zilizotenganishwa kwa utepe mweupe. Wenye kuupenda na waupende, ila mimi naona haya nikitazama mjozi wa miaka 100 umepambwa kama sanduku la peremende.

Hubaki chanjo za kushikia, ile mistari ikatayo misalaba shingoni na mbele, 18 au 20 kwa kila inchi, kila mmoja ukikatwa kwa kijembe cha mkono na ukitakiwa kuwa sambamba na jirani yake juu ya uso uliopinda. Mstari mmoja ukiteleza, yote iliyofuata huteleza pamoja nao. Wengi waliovuka masizi na mafuta bila ya kutetereka, wakifika hapa, hukifunga kitako chao kwa blanketi, wakampelekea mtu mwingine na kumlipa.