Kukabidhi Darasa Gisenyi: Wiki za Mwisho za Msaidizi wa Kiswahili

Msaidizi wa lugha anayefundisha ugenini huzimaliza wiki zake za mwisho kwa namna mbili zilizozoeleka: ama huwakimbiza wanafunzi katika marudio ya mtihani, ama huandaa hafla ya kuagana. Yote mawili yana heshima yake. Lakini hakuna hata moja linalojibu swali ambalo shule iliyompokea itabaki nalo muhula unaofuata: mgeni akishaondoka, nani atazungumza lugha hiyo darasani? Nimefanya kazi ya usaidizi wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Hapa nachambua jinsi mimi na mwalimu mwenyeji tulivyozitumia wiki zile kulikabidhi darasa kwa Kiswahili ambacho mji wenyewe ulikuwa nacho kabla sijafika.

Maana Gisenyi hauhitaji kupelekewa Kiswahili. Mji huu uko kwenye ukingo wa Ziwa Kivu na umepakana na Goma kiasi kwamba mtaa mmoja uko Rwanda na unaofuata uko Kongo. Kiswahili kilifika huku na wafanyabiashara na askari wa utawala wa Kijerumani kabla ya mwaka 1916. Chini ya Wabelgiji kikabaki katika mitaa ya Waislamu na wachuuzi iliyojulikana kama kambi za Waswahili. Mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ulitiwa saini hapa hapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, ukaandikwa kwa Kifaransa. Nyanya, karoti na maziwa yanayovuka mpaka huuzwa kwa Kiswahili. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita kila siku kwenye kivuko kinachoitwa Petite Barrière, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria ilikuja kulikuta soko limetangulia.

Hali hii inabadilisha kabisa hesabu ya msaidizi. Mtanzania au Mkenya anayekwenda Marekani chini ya mpango wa Fulbright kufundisha Kiswahili chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, mara nyingi ndiye sauti pekee ya lugha hiyo ambayo wanafunzi wake huisikia ana kwa ana. Akiondoka, sauti imeondoka. Gisenyi mwanafunzi akitoka getini anakisikia Kiswahili kwa dereva wa pikipiki, kwa muuza samaki, kwa redio ya duka la jirani. Anachokosa ni mtu wa kumsaidia kukipeleka Kiswahili hicho kwenye karatasi. Kazi hiyo si lazima ifanywe na mgeni, na wiki za mwisho ndizo wakati wa kuhakikisha kwamba haitamtegemea mgeni tena.

Kwanza ilibidi tuhesabu kalenda kwa kurudi nyuma. Tangu Septemba 2022 mwaka wa shule nchini Rwanda huanza Septemba na kuisha Julai. Mwishoni kuna mitihani, na mwanzo wa Julai kuna sikukuu mbili zinazokaribiana, ya Uhuru tarehe 1 na ya Ukombozi tarehe 4. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inakuja wakati madarasa yameshapoa. Kwa hiyo mtu anayesema atakabidhi kazi “wiki ya mwisho” atakabidhi madawati matupu. Sisi tulianza Mei, wakati vipindi vinaendelea kama kawaida na makosa ya wanafunzi yanaonekana wazi.

Hatua ya pili ilikuwa kubadilishana nafasi. Kwa muda mwingi wa mwaka mimi ndiye niliyekuwa nikifungua kipindi kwa mazungumzo, naye mwalimu akifunga kwa sarufi. Tuligeuza. Yeye akafungua, nami nikakaa nyuma na daftari bila kusema neno, hata pale wanafunzi walipogeuka kunitazama wakitafuta jibu. Ukimya huo ni mgumu kuliko kufundisha, na nadhani wasaidizi wengi huushindwa kwa sababu ya upendo tu: unamwona mtoto anahangaika na sentensi na ulimi wako unajua inavyomalizika. Lakini kila ninapojibu mimi, mwalimu anayebaki ananyimwa nafasi ya kujibu.

Daftari lile la nyuma ndilo lililotupa uchambuzi wenyewe. Mwanzoni niliandika makosa yote kama yalivyokuja, nikitaka kumwachia mwalimu orodha. Orodha ikawa ndefu mno kumfaa mtu yeyote. Tukaipanga upya kwa swali moja: kosa hili litajirekebisha lenyewe nikishaondoka, au litabaki?

Mwanafunzi wa Gisenyi husema “batu” na “bintu”, kama Kiswahili cha Goma kinavyosema na kama Kinyarwanda kinavyomwelekeza kwa abantu na ibintu. Husema “mutoto” na “muzuri”. Huongeza “-ka” mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea: “anafikaka”, “banauzaka”. Mgeni kutoka pwani akiyasikia haya siku ya kwanza hudhani ndiyo maradhi makubwa. Sivyo. Haya hupungua haraka kwa sababu mwanafunzi anaisikia ile sura nyingine kila siku katika bongo fleva, katika mahubiri ya Watanzania, katika taarifa za habari. Masikio yake yanamrekebisha bure. Tukayaweka kwenye fungu la mambo ambayo mwalimu hahitaji kuyatolea kipindi.

Fungu la pili ni dogo, na lilistahili nguvu zetu zote. La kwanza humo ni upatanisho wa wanyama. Kiswahili sanifu kinataka “mbwa anakula”, “ng’ombe wanakunywa”. Kinyarwanda humwacha mnyama katika ngeli ya jina lake. Inka na imbwa hazichukui upatanisho wa watu. Kiswahili cha sokoni nacho husema “mbwa inakula” bila wasiwasi. Hapo lugha mbili ambazo mtoto anazijua vizuri zinasema jambo moja, na kitabu peke yake kinasema lingine. Redio haisaidii sana, kwa sababu ni mara ngapi taarifa ya habari humtaja mbwa? Kosa la namna hii halitaondoka bila mwalimu kulifuata kwa makusudi, wiki baada ya wiki.

La pili ni l na r katika maandishi. Kinyarwanda hakitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo “kalamu” na “karamu” huandikwa kwa zamu katika insha moja. Kusikiliza hakutoshi, dawa yake ni imla fupi, ya mara kwa mara, inayosahihishwa papo hapo. Mwalimu mwenyeji ana faida hapa kuliko mimi, kwa sababu anajua kutoka ndani ni wapi sikio la Mnyarwanda linapoteleza. Mimi nilikuwa nikiliona kosa tu. Yeye aliweza kulitabiri, na baada ya kulizungumza alianza kutunga imla zake mwenyewe akiweka mitego mahali pale pale.

Baada ya kujua nini kinahitaji kufundishwa, tulitafuta chanzo cha matini ambacho hakitakauka. Vitabu vilikuwapo ila mazungumzo yaliyomo yalikuwa ya watu wasiofanana na wakazi wa Rubavu. Tukaamua matini zitoke kwa wakazi. Kila jozi ya wanafunzi ilimtafuta mtu mzima anayezungumza Kiswahili, ikamwomba ruhusa, ikamrekodi kwa simu kwa dakika chache akieleza jambo moja analolijua: jinsi ya kutambua maziwa yaliyochachuka, jinsi ya kupanga bei mvua ikinyesha, jinsi ya kumdai mteja bila kugombana naye. Jina lake halikuandikwa.

Kisha kazi ikafuata mpangilio ambao hatukuruhusu uvunjwe. Kwanza wanafunzi waliandika maneno kama yalivyosemwa, bila kusahihisha herufi. Mama mmoja alikuwa amesema: “Bale bamama banafikaka asubuhi na bintu mingi.” Wakaandika hivyo hivyo. Ndipo upande wa kulia wa ukurasa wakaiandika upya: “Wale akina mama hufika asubuhi na vitu vingi.” Halafu wakaeleza, kwa Kiswahili, kila badiliko: upatanisho wa watu, upatanisho wa vitu, mazoea yanayobebwa na “hu-” badala ya mwisho wa kitenzi, kivumishi kinachofuata ngeli ya jina. Sentensi moja ya sokoni ilitoa sarufi ya kipindi kizima. Na hapakuwa na haja ya kumwambia mtoto kwamba mama yake anasema vibaya. Safu ya kushoto haikupigwa mstari mwekundu hata mara moja. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watoto wakiacha kuzungumza kabisa baada ya Kiswahili cha nyumbani kwao kuitwa kibovu, na darasa la lugha lililonyamaza halifundishiki.

Mwishoni walirudi kwa yule aliyerekodiwa, wakamsomea sura sanifu na kumwuliza kama amejikuta ndani yake. Wengine walikubali. Wengine walikataa, wakasema maana imepotea, na mara nyingi walikuwa sahihi: wanafunzi walikuwa wamenyoosha sarufi wakaacha kitu muhimu nje. Kwa hatua hiyo mji ukawa na kauli juu ya kazi ya darasa, nayo ndiyo nafasi niliyokuwa nikiikalia mimi.

Tahadhari moja ilihitajika. Mpaka huu hufungwa. Ulifungwa wakati wa korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, watu wa Goma wakakimbilia Rubavu na matetemeko yakapasua nyumba pande zote mbili. Januari 2025 vita vya Goma viliangusha makombora hadi upande wa Rubavu, watu wakafa, shule zikasimama. Mbinu inayomtaka mwanafunzi avuke, au amtegemee mtu anayevuka kila siku, ingekatika. Kwa hiyo tulipanga kwamba wanaohojiwa wawe wakazi wa upande huu, watu wa mtaa na wa nyumbani.

Jaribio halisi lilikuwa juma ambalo sikuingia darasani kabisa nikiwa bado mjini. Nawashauri wasaidizi wote walifanye, na walifanye mapema, kwa sababu linaonyesha ufa ambao hakuna aliyeudhania. Sarufi iliendelea vizuri. Mahojiano yaliendelea vizuri. Kilichoanguka ni lugha ya kuliendesha darasa lenyewe. Mjadala ulipopamba moto mwalimu alihamia Kinyarwanda ili kugawa makundi, kutuliza kelele, kusifu, kukatisha, na wanafunzi wakahamia naye. Kiswahili chake kilitosha kueleza ngeli zote. Tatizo ni kwamba mwaka mzima amri hizo ndogo zilikuwa zikitoka kinywani mwangu, naye hakuwahi kuwa na sababu ya kuzitumia.

Tulirekebisha hilo katika siku zilizobaki. Tulikusanya semi za uendeshaji kutoka vipindi halisi: geukianeni, nani hakubaliani naye, rudia kwa sauti, subiri zamu yako, hapo umegusa jambo, bado dakika mbili. Alizifanyia mazoezi darasani mimi nikiwa nyuma, na zile zilizomkaa mdomoni akabaki nazo. Wasaidizi wengi huacha nyuma orodha ndefu za msamiati zilizobandikwa ukutani. Naamini semi hizi chache zina thamani zaidi.

Rwanda ina uzoefu mkubwa wa kupokea walimu kutoka nje. Baada ya uamuzi wa mwaka 2008 wa kuhamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, walimu washauri, wakiwamo wengi kutoka Uganda na Kenya, walipelekwa shuleni kuwainua walimu wenzao. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Francophonie lilileta walimu 25 wa Kifaransa. Oktoba 2022 walifika walimu 154 kutoka Zimbabwe. Katika mikondo hiyo, ule wa washauri ndio unaonifundisha zaidi, kwa sababu mlengwa wake alikuwa mwalimu anayebaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikitaka kusambaza wasaidizi wa Kiswahili Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, muda wa kukabidhi uandikwe ndani ya mkataba, ukiwa na kazi zake na ratiba yake, badala ya kuachiwa hisani ya msaidizi.

Tatizo moja hatukulimaliza. Mtihani ni wa karatasi, na shinikizo likizidi, kipindi cha mazungumzo ndicho cha kwanza kutolewa kafara. Mwalimu aliliona hilo kabla yangu. Katika maazimio ya kazi ya Septemba aliyafunga mahojiano pamoja na insha: kila matini ya sokoni sharti iishie katika insha yenye alama, na insha ya mwezi wa kwanza iwe juu ya mnyama anayefugwa nyumbani, ili upatanisho ule uanze kufuatiliwa mapema. Wakuu wa shule wakikagua wataona kazi ya kuandika. Nyuma ya kila insha kutakuwa na mtu wa Rubavu aliyesimulia, na mtoto aliyelazimika kumsikiliza hadi mwisho.