Kimo cha Mimba

Mfugaji wa Endulen au Olbalbal akiona dume limempanda mtamba wake, hesabu imeanza. Miezi tisa na siku kadhaa, kwa kawaida siku 283 hivi, ndama yuko chini. Mbuzi ni miezi mitano. Punda anamaliza mwaka mzima. Binadamu hayuko mbali na ng'ombe: siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti ni shahidi. Siku ya dume ilionekana malishoni, na wachungaji waliokuwepo wataikumbuka. Hesabu ya mama huanzia siku aliyoiona yeye peke yake, wiki mbili hivi kabla mimba yenyewe haijatunga, siku isiyokuwa na sababu yoyote ya kukumbukwa. Kutoka kwenye siku hiyo iliyokwisha kupotea, mkunga wa zahanati anatakiwa kutoa tarehe na kuiandika kwa wino kwenye kadi. Karatu na Ngorongoro kuna mafundi wengi wa kusifiwa, na wageni hupelekwa kuwatazama wahunzi wa Kidatoga kandokando ya Ziwa Eyasi. Mimi namweka mkunga huyu mbele yao.

Kanuni ya kitabuni ni fupi. Inabeba jina la Franz Karl Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1851: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi ikianza Machi 10, mtoto anatarajiwa Desemba 17. Ukihesabu siku moja moja utapata 282 badala ya 280, kwa kuwa miezi haina urefu sawa, na hakuna mkunga anayegombana kwa siku mbili hizo. Kanuni inachukulia kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28, jambo ambalo wanawake wenyewe watakwambia si kweli. Na hata hesabu ikiwa safi kabisa, ni mtoto mmoja hivi kati ya 20 anayefika siku yenyewe. Waliobaki hutawanyika huku na huku, na anayezaliwa baada ya kutimiza wiki 37 na kabla ya kutimiza 42 amekuja kwa wakati wake.

Ugumu basi hauko kwenye kujumlisha. Uko kwenye kuuliza.

"Takwenya, yeyo." "Iko." Baada ya salamu hiyo ya Kimasai, mkunga mzuri haulizi tarehe. Akiuliza tarehe atapewa tarehe, maana mgeni wa ofisi hapendi kuonekana hajui, na tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko kukosa tarehe. Anauliza kulikuwa na nini siku zile. Ng'ombe walikuwa wapi? Swali hilo, katika tarafa ya Ngorongoro, lina thamani ya kalenda nzima. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa kwenye mbuga za Ndutu, wengi wao Februari, na wafugaji huwaondoa ng'ombe wao kwenye nyanda hizo kwa sababu ndama wa nyumbu hutoa ugonjwa unaoua ng'ombe. Mama akisema aliona siku zake mara ya mwisho mifugo ilipokuwa imepandishwa juu na haijaanza kushuka, mkunga ameshapata dirisha la wiki chache. Akiongeza kwamba mvua kubwa zilikuwa bado, dirisha linazidi kuwa jembamba.

Huku Karatu alama ni nyingine. Mbulumbulu na Rhotia watu hukumbuka kupanda mahindi na maharage, kupalilia, kuvuna. Mang'ola, kwenye mashamba ya umwagiliaji, msimu wa vitunguu hausaidii sana, kwa kuwa huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mkunga asiyelijua hilo anaweza kukosea miezi. Krismasi na sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9 ni vigingi visivyohama. Pasaka huhama: mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikawa Aprili 20. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa hiyo "nilimaliza siku zangu wiki ya Pasaka" ni jibu zuri sana mkononi mwa mtu mwenye kalenda ya mwaka husika ukutani.

Halafu wapo ambao hedhi haiwezi kuwasaidia kwa lolote. Mama alikuwa ananyonyesha, hajaona siku zake tangu mtoto aliyetangulia, na mimba imeingia kimyakimya. Au aliacha sindano ya uzazi wa mpango na mzunguko ukakawia kurudi. Hapo mkunga hamlaumu mtu. Anaacha nafasi wazi, anaandika "hajui", kisha anahamia kwenye ushahidi mwingine. Naiheshimu nafasi hiyo iliyoachwa wazi kuliko namba yoyote iliyolazimishwa.

Kuna hesabu moja ambayo sijaiona vitabuni, ingawa yeyote anaweza kuifanya, nayo inafaa sana kwa watu wanaotazama mwezi wa angani kuliko wa ukutani. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Ukigawa 280 kwa namba hiyo unapata tisa na nusu kasoro kidogo. Maana yake, aliyeanza hedhi mwezi ulipoandama atarajie kujifungua mwezi wa kumi ukiwa mpevu. Aliyeanza wakati wa mbalamwezi atarajie giza. Haihitaji karatasi wala kujua kusoma, na haipotezi zaidi ya siku moja ukilinganisha na zile siku 280.

Sasa mikono. Mama amekwenda haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu na kudanganya. Amelala chali, magoti yamekunjwa kidogo. Mkunga anaweka ukingo wa kiganja cha kushoto, upande wa kidole kidogo, chini ya chembe ya moyo, na kuushusha taratibu mpaka uguse ukingo wa mviringo. Hapo ndipo mimba inapoishia kwa juu. Wiki ya 12 ukingo huo ndiyo kwanza unachungulia juu ya mfupa wa kinena. Wiki ya 20 au zaidi kidogo uko kitovuni. Wiki ya 36 umegonga chembe ya moyo, kisha kichwa cha mtoto kikianza kuingia nyongani unashuka tena, na mama anasema anapumua vizuri kuliko wiki iliyopita.

Tepu inayotumika ni kama ile ya fundi cherehani. Inashikwa kwenye mfupa wa kinena na kuvutwa hadi kwenye ukingo, na kuanzia wiki ya 20 hivi sentimita hufanana na wiki, kukiwa na nafasi ya sentimita 2 juu au chini. Mkunga makini huilaza tepu namba zikiwa zimetazama ngozi. Anabana sehemu kwa vidole, anaigeuza, ndipo anasoma. Sababu ni kwamba ameshaona kwenye kadi kuwa mimba inapaswa kuwa na wiki 28, na jicho linalojua jibu huvuta mkono ulifuate. Sijui taaluma nyingi zinazomfundisha mtu kujifichia namba yake mwenyewe namna hii.

Kwenye kadi ya kliniki kuna mistari miwili inayokaa jirani: umri wa mimba kwa wiki, na kimo cha mimba kwa wiki. Ufundi wote wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko kwenye kuisoma pamoja, na si mara moja. Tuseme kimo kimepungua wiki 4 kwenye umri. Huenda tarehe ilikosewa. Huenda mtoto hakui, au amelala mkingamo. Kipimo kimoja hakiwezi kutenganisha hayo. Lakini mama akirudi baada ya wiki 4 na kimo kimepanda sentimita 4, mtoto anakua sawasawa na huenda kilichokosewa ni tarehe. Akirudi na kimo kimepanda sentimita 1, kosa la tarehe peke yake halitoshi kueleza hilo, na safari ya kwenda hospitali haingoji. Kikizidi sana, mkunga anatafuta vichwa viwili, au maji mengi kupita kiasi. Ndiyo maana mama anayekuja kliniki mara moja tu, hata akipimwa na bingwa, anaondoka na nusu ya jibu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita.

Ngorongoro somo hili lina kona yake. Wanawake wengi wa Kimasai hupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kucheka. Mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko mbali, mtoto aliyekwama nyongani ni kifo, na desturi hiyo ilikuwa jibu la watu waliofikiri kwa vifaa walivyokuwa navyo. Kwa mkunga, maana yake ni kwamba kimo kinaweza kusimama wiki ya 32 huku tarehe ikiwa haina kosa lolote, naye inabidi aulize kuhusu maziwa na nyama kabla ya kufuta hesabu yake.

Sikio nalo lina neno. Fetoskopu ya Pinard, ile koni yenye jina la Mfaransa Adolphe Pinard, hutoa mapigo ya mtoto kuanzia wiki ya 20 hivi, 110 hadi 160 kwa dakika. Huku mkunga anasikiliza, vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono wa mama, asije akahesabu moyo usio wenyewe. Na mama akisema mtoto ameanza kucheza, hiyo pia ni tarehe: mimba ya kwanza wiki ya 20 hivi, zinazofuata hutangulia wiki mbili au zaidi, kwa kuwa mama keshaijua ile hali.

Watu watauliza, ultrasaundi je? Ipo Karatu mjini, na ikitumika mapema haina mpinzani: ndani ya miezi mitatu ya kwanza hukosea siku 5 hadi 7 tu. Tatizo ni imani kwamba mashine ni mashine, wakati wowote. Watoto wachanga sana wa tumboni hukua kwa mwendo mmoja. Wakubwa hutofautiana kama watu wanavyotofautiana, hivyo picha ya mwezi wa nane inaweza kupotoka wiki tatu nzima. Mama anakuja na karatasi mpya inayosema Juni, ya zamani ilisema Mei, naye anaamini mpya. Mkunga anarudi kwenye ya kwanza. Inahitaji ujasiri kuikatalia karatasi iliyochapwa na kuliamini daftari lako.

Tarehe hii si pambo. Uchungu ukianza mapema, kuna sindano za kukomaza mapafu ya njiti, na zina wiki zake: hutolewa kabla ya wiki ya 34, hospitalini. Mimba ikipitiliza wiki ya 41, kuna kuanzishiwa uchungu, na daktari asiyejua kama ni 39 au 43 anabahatisha. Na kwa mama wa Kakesio au Nainokanoka kuna barabara. Masika udongo mweusi unanata, na usiku njia ni ya nyati na tembo. Anayejua wiki zake anashuka mapema kwa ndugu aliyeko Endulen au Karatu, au kwenye nyumba ya kungojea uzazi, ile ambayo baadhi ya sehemu nchini huitwa chigonella. Akienda mapema mno, nyumbani mbuzi na watoto wanamdai, na baada ya wiki tatu za kungoja atarudi zake. Akichelewa, anajifungulia njiani. Wiki mbili za makosa upande wowote zinaamua.

Mtoto akishazaliwa, mkunga hufanya jambo ambalo ndugu walioko nje hawalioni. Anamgeuza miguu na kutazama nyayo. Mikunjo ikifika mpaka kisiginoni, mtoto ametimia. Ikiwa michache na ya mbele tu, amewahi. Anakunja sikio aone kama linarudi lenyewe. Ngozi ikibambuka, kucha zikiwa zimepita ncha za vidole, huyu alipitiliza, na huenda tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa imechelewa. Kisha anaifungua kadi ile ile na kulinganisha na alichoandika miezi mitano nyuma, aone ni jibu lipi la mama alilielewa vibaya: kupanda kwa ng'ombe, au kushuka kwao.