Tiketi Kabla ya Salamu

Novemba 2023 Zanzibar ilipokea mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa. Django ni mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ulizaliwa ndani ya gazeti moja la Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma mwaka 2005 ukiwa programu huria: yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuutumia na kupendekeza marekebisho. Mikutano ya jamii hii ina mpangilio wake uliozoeleka. Hutangulia siku za mawasilisho, watu wakiwa ukumbini wanamsikiliza mzungumzaji. Hufuata siku za sprinti, ambapo wageni na wenyeji huketi meza moja na kompyuta zao, wakiufanyia kazi mradi wenyewe.

Wageni wengi huona sehemu ya kwanza ndiyo mkutano, na ya pili ni ya waliobobea. Kwa hiyo hupanga kurudi nyumbani mara tu mawasilisho yanapokwisha. Kwa mtu mwenye haya, huko ni kuondoka saa ileile mkutano unapoanza kumfaa. Nimeuchambua mkutano wa programu huria kama mfumo wenye sehemu zake, na ninachokiona ni kwamba una mlango usiopitia mdomoni. Mlango huo hufunguliwa nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari.

Tuanze na panapouma. Ukumbini hapana tabu, kwa sababu kila mtu pale anatakiwa kunyamaza. Tabu iko saa ya chai. Watu wanamiminika nje, na baada ya dakika mbili wamekwisha kujikusanya vikundi vikundi, wamewapa mgongo wengine. Anayefahamika anaitwa kwa jina. Asiyefahamika anasimama na kikombe chake, anatoa simu, anasoma tena ujumbe aliokwisha kuusoma. Kwa wengi waliolelewa kwetu uzito unazidi: kijana amefundwa asidakie maneno ya wakubwa, asubiri aulizwe. Adabu hiyo ni nzuri, na sioni kwa nini mtu atakiwe kuiacha mlangoni. Juu yake kuna Kiingereza. Mtu anayekiandika kazini kila siku bila shida anaweza kukwama akikizungumza mbele ya mtu ambaye jina lake amelisoma kwenye nyaraka za programu kwa miaka.

Ushauri anaopewa ni uleule: jiamini, sogea, jitambulishe. Naupinga ushauri huo kwa sababu unamtwika mzigo wote yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliopo. Nafuu ya kweli huanza pale mzigo unapohamia kwa wenyeji. Mfano mzuri ni kanuni ya Pac-Man, iliyoenezwa na Eric Holscher, mmoja wa walioanzisha Read the Docs, huduma ya kuchapisha nyaraka za programu, mwaka 2010 na baadaye mikutano ya Write the Docs ya waandishi wa nyaraka hizo. Kanuni inasema hivi: mkisimama duara mnazungumza, acheni nafasi ya mtu mmoja, duara lifanane na yule mhusika wa mchezo wa kompyuta aliyeachama. Akiingia mtu, sogeeni ili nafasi nyingine ifunguke. Mgeni haombi ruhusa, maana ruhusa ameikuta imekwisha kutolewa. Waandaaji wanaoisoma kanuni hii kwa sauti asubuhi ya kwanza wanafanya kazi kubwa kwa sentensi mbili.

Hata hivyo kanuni hiyo inamfikisha mtu ndani ya duara tu. Akishafika, aseme nini? Hapo ndipo tiketi inapoingia.

Mradi wa Django huweka hitilafu na maombi yake kwenye mfumo uitwao Trac, na kila jambo moja lina tiketi yake yenye namba. Tiketi mpya huanza ikiwa haijakaguliwa, mtu huthibitisha kwamba tatizo ni la kweli, ikakubaliwa, mwingine huandika marekebisho, mwingine huyapitia, mwishowe huwekwa alama kwamba yako tayari kuingizwa kwenye msimbo mkuu. Baadhi ya tiketi zina alama ya pekee kuonyesha kwamba zinamfaa anayeanza. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba hatua nyingi kati ya hizi haziwahitaji wakuu wa mradi. Mtu yeyote anaweza kujaribu hitilafu kwenye kompyuta yake na kuandika kwamba ameiona au hakuiona, katika toleo gani, kwa hatua zipi. Anaweza pia kuyapitia marekebisho ya mwenzake, maadamu si yeye aliyeyaandika. Kazi hii ya kupitia ndiyo inayopungukiwa na mikono katika karibu kila mradi huria ninaoufahamu.

Kwa hiyo maandalizi ya mtu mwenye haya yaanze hapo. Wiki tatu kabla ya safari, achague tiketi moja. Aisome tangu mwanzo, pamoja na maoni yote, hata kama mabishano ni ya miaka. Apakue msimbo, aendeshe majaribio yake, ahakikishe yanapita kwenye kompyuta yake mwenyewe. Aiamshe hitilafu, kisha aandike maoni mafupi: nimejaribu hivi, nimeona hivi. Mtu anapoandika ana muda wa kuchagua maneno na kufungua kamusi. Hakuna anayemkodolea macho. Na kwenye tiketi hiyo atayakuta majina, na mara nyingine baadhi ya wenye majina hayo watakuwapo mkutanoni.

Angalia sasa kinachobadilika saa ya chai. Badala ya kutafuta jambo la kusema kwa mtu asiyemjua, anayo sentensi moja iliyo tayari: mimi ndiye niliyejaribu ile hitilafu ya fomu, nikakuta haitokei kwenye toleo jipya. Aliyeambiwa hivyo hawezi kujibu kwa adabu tupu, kwa kuwa tiketi ile ni yake pia. Atauliza ulitumia hifadhidata gani. Mazungumzo yameanzia katikati, na yule aliyeogopa kujieleza hakulazimika kujieleza hata kidogo, kwa sababu kazi yake imetangulia kumweleza. Hata "shikamoo" kwa aliyemzidi umri inakuwa nyepesi ikifuatwa na jambo la kujadili.

Sprinti yenyewe imejengwa kwa namna inayomfaa mtu wa aina hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkutano, ingawa sidhani kama ilikusudiwa hivyo. Asubuhi wanaoongoza miradi husimama mmoja mmoja, kila mmoja akataja mradi wake na kazi zilizopo. Baada ya hapo kila mradi hupata meza. Unakaa kwenye meza uliyoichagua na kufungua kompyuta. Ukimya pale si ishara ya kutengwa, maana kila mtu ananyamaza akisoma msimbo. Mnaangalia kioo, hamtazamani usoni. Maswali ni madogo na yana mipaka: faili hii iko wapi, jaribio hili linashindwa kwa nini. Dakika kumi za kimya kati ya swali na swali hazimchukizi mtu. Mikutano ya PyCon, ya jamii ya Python, nchini Marekani hutenga hadi siku nne kwa kazi hii baada ya mawasilisho kwisha, na muda huo mrefu una maana, kwa sababu siku ya kwanza wengi huimaliza wakihangaika kusakinisha. Mtandao wa ukumbini ukielemewa, kupakua vifurushi peke yake kunaweza kumaliza nusu siku. Aliyesakinisha nyumbani anakaa mezani akiwa msaidizi wa jirani yake, na hakuna utambulisho bora kuliko huo.

Kuna kazi moja ambayo msemaji wa Kiswahili hahitaji kushindana na mtu kuipata. Django ina tafsiri ya Kiswahili ndani yake. Maneno yanayoonekana kwa mtumiaji, kama maonyo ya fomu, majina ya miezi na vitufe vya ukurasa wa msimamizi, huwekwa kwenye faili za jozi: sentensi ya Kiingereza juu, ya Kiswahili chini. Toleo jipya likiongeza sentensi, jozi hubaki wazi mpaka mtu azijaze, na tafsiri ya zamani inaweza kuwa ya kishamba au yenye makosa bila mkuu yeyote wa mradi kutambua. Kwenye meza ya tafsiri, kijana wa Tanga au Mombasa aliyekuja akidhani hana cha kuchangia ndiye mwenye neno la mwisho. Wakuu wa mradi watamwuliza yeye. Naitaja kazi hii kwa mkazo kwa sababu nimeona ikidharauliwa, kana kwamba ni ya wasiojua kuandika msimbo, ilhali ni kazi ya kitaalamu inayotumiwa na watu wengi kuliko vipengele vingi vinavyopigiwa makofi jukwaani.

Mlango wa pili ni kujitolea. DebConf, mkutano wa kila mwaka wa mradi wa Debian, mfumo endeshi huria, hurekodi na kurusha mawasilisho yake kwa kutumia washiriki wenyewe. Wanahitajika watu wa kamera, wa sauti, wa kuongoza picha, na wa kumtambulisha mzungumzaji. Mgeni hufundishwa kwa muda mfupi kisha hujiandikisha zamu. Kwa mtu mwenye haya, kamera humpa sababu ya kuwapo mahali pale, na zamu humpa watu watatu au wanne ambao lazima wazungumze naye kuhusu jambo dhahiri. Hatari yake ni kukaa nyuma ya kamera siku zote mpaka mkutano uishe, akiwa amehudumia kila mtu na hakufahamiana na yeyote. Zamu moja kwa siku inatosha.

Ukubwa nao una athari zake. FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels, kwenye kampasi ya Solbosch ya Chuo Kikuu Huru cha Brussels, haina kiingilio wala usajili, na hukusanya watu zaidi ya 8,000 katika wikiendi moja. Hakuna anayekuuliza jina. Hilo linapendeza kwa anayeogopa kutazamwa, lakini ni rahisi kuondoka pale siku ya pili bila kuongea na mtu hata mmoja, tena vyumba vikijaa milango hufungwa. Warsha za Django Girls, za kuwafundisha wanawake wanaoanza, zilizoanza Berlin mwaka 2014, zimechukua njia iliyo kinyume kabisa: mkufunzi mmoja kwa wanafunzi watatu hivi. Swali ambalo mtu hawezi kulisema mbele ya ukumbi hunong'onwa kwa mtu mmoja aliye pembeni. Kati ya vipimo viwili hivi, mimi ningemwelekeza mgeni mkimya kwenye kile cha watatu.

Kuhusu maswali ya ukumbini, jibu lilikwisha kupatikana wakati wa korona. FOSDEM ya 2021 ilihamia mtandaoni kwenye mfumo wa Matrix. Wasilisho lililorekodiwa likichezwa, wasikilizaji waliandika maswali kwenye chumba cha gumzo, na mzungumzaji akayajibu. Maikrofoni humpendelea anayeinuka haraka. Maandishi humpa nafasi aliyefikiri kwa muda. Mkutano wowote wenye ukumbi na simu mikononi mwa watu unaweza kuendelea na njia hiyo: mwenyekiti asome swali lililoandikwa kwanza, ndipo maikrofoni izunguke.

Linabaki suala la mpangilio wa siku, na hapa nadhani jamii ya Django na Python ingejifunza kwa Debian. Kabla ya DebConf huwa kuna DebCamp, siku kadhaa za kazi tu. DebConf ilipofanyika Cape Town Julai 2016, DebCamp iliitangulia vivyo hivyo. Mtu aliyekuwa kwenye meza za kazi anapoingia kusikiliza wasilisho la kwanza, tayari anawajua watu kadhaa kwa kazi zao, na saa ya chai haimtishi tena. Sprinti ikiwekwa mwisho, mgeni hupitia kwanza siku zote ngumu za vikundi na vikombe akiwa mtupu, ndipo apewe dawa wakati wenzake wanafunga mizigo.

Najua hoja ya waandaaji. Mawasilisho ndiyo huwatia watu hamu ya kuchangia, na wakuu wa miradi hawawezi kuja wiki nzima mapema. Ni hoja nzito. Lakini kwetu ruhusa ya kazini ni ya siku chache na malazi ya Zanzibar au Arusha yana bei yake, kwa hiyo kilichowekwa mwisho ndicho mgeni atakachokikata. Nusu siku ingetosha, alasiri moja kabla ya ufunguzi: meza sita, orodha ya tiketi nyepesi iliyotangazwa wiki tatu mapema, mtu mmoja mwenye uzoefu kila meza, na meza mojawapo iwe ya faili za Kiswahili. Gharama yake ni ukumbi kwa saa nne na chai moja ya ziada.