Hongera, Mama wa Mursik

Mgeni akija Eldoret kuonja vya huku, simpeleki hotelini kwanza. Nampeleka kwa mama wa mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa. Kazi yake huanzia kwenye kibuyu, si kwenye maziwa. Hukisugua ndani kwa makaa ya mti uitwao senetwet mpaka kiwe cheusi, ndipo amimine maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akifunike, angoje siku kadhaa. Makaa hayo ndiyo huleta rangi ya kijivu na ile harufu ya moshi. Funda la kwanza humkunja mgeni uso. La tatu humaliza kikombe. Ugali wa wimbi ukiwepo, basi tena! Wanariadha wetu wakirudi na medali, hupokewa kwa kinywaji hichohicho. Hongereni, akina mama. Nawe ukinunua, tikisa kwanza.