Uhasama Unaogeuka Penzi: Nafasi ya Msichana katika Rosa Mistika na Kichwamaji

Sehemu hii inachunguza msuko mmoja unaofahamika sana katika riwaya za vijana za leo: wahusika wawili wanaoanza kama mahasimu na kuishia kuwa wapenzi. Mfano wake wa kawaida ni mvulana na msichana wanaoshindana katika klabu ya roboti shuleni. Kila mmoja anaipima akili ya mwenzake mezani pa kazi, na heshima inayozaliwa hapo ndiyo inayogeuka mapenzi. Msuko huu ni mkongwe. Shakespeare aliutumia kwa Beatrice na Benedick, na Jane Austen akaujenga upya katika riwaya yake ya mwaka 1813, Pride and Prejudice. Sharti lake ni moja: washindani wote wawili wawe na uwanja mmoja na hadhi ya kushindana.

Swali la sehemu hii ni kwa nini sharti hilo halitimii katika riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na ambaye mandhari ya kisiwa hicho cha mkoa wa Mwanza yametawala kazi zake za mwanzo.

Katika Rosa Mistika (1971), Rosa na Charles hawana kazi yoyote ya pamoja inayowawezesha kufahamiana. Mawasiliano yao yanaanza kwa barua, na barua hiyo inamletea Rosa kipigo kutoka kwa Zakaria, baba yake. Baadaye Rosa anasoma katika shule ya wasichana ya Rosary, ambako mvulana ni mgeni. Hivyo Rosa anamjua mwanamume kwanza kama hatari, kisha kama kishawishi, na hapati nafasi ya kumjua kama mwenzi wa fikra. Charles anapomrudia na hatimaye kumkataa, kipimo anachokitumia ni historia ya mwili wake. Hana kipimo kingine, kwa kuwa hawakuwahi kupimana kwa lolote jingine.

Kichwamaji (1974) inausogelea zaidi msuko huu. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anafariki. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka penzi na penzi kinakuwa ndoa. Kwa juu juu, huu ni uhasama uliozaa mapenzi. Hata hivyo, mtafiti anabaini kwamba mahasimu ni Kazimoto na Manase. Sabina hakuuanzisha ugomvi huo, wala hana nafasi ya kuushinda. Yeye ni uwanja wanamopigania wengine. Ndoa inayojengwa juu ya msingi huo inaishia kwa kifo cha mtoto na kujiua kwa Kazimoto.

Inaweza kudaiwa kwamba maafa hayo yanatokana na falsafa ya udhanaishi ambayo wahakiki wengi wameihusisha na mwandishi huyu. Dai hilo lina uzito, lakini halijitoshelezi. Udhanaishi unaweza kueleza kwa nini Kazimoto anakata tamaa. Hauelezi kwa nini Sabina hakupewa nafasi ya kuwa mshindani.

Maelezo ya karibu zaidi yamo katika jamii yenyewe. Kwa miongo mingi nchini Tanzania, penzi la shuleni lilipozaa mimba, msichana ndiye aliyefukuzwa shule. Ilikuwa Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wangeruhusiwa kurejea katika shule rasmi. Pale ambapo gharama ya penzi inalipwa na mmoja, ushindani wa sawa kwa sawa haumaniki, na mwisho wa furaha ungekuwa uongo. Kezilahabi hakuusema uongo huo, ingawa ukweli wake uliifanya Rosa Mistika ipigwe marufuku shuleni kwa muda.

Kwa hiyo, mwandishi wa leo atakayewaweka msichana na mvulana wa Mwanza mbele ya roboti moja ana jukumu kubwa kuliko kuazima msuko wa kigeni. Atalazimika kuonesha kwanza jinsi msichana huyo alivyopata kiti mezani, na nini kitamfika akipenda. Akiyaruka hayo, atakuwa amemrudisha Sabina, safari hii akiwa amevaa sare ya shule.