Reli ya Butere: Kutu Hula Usipotazama

Butere ndiko inakoishia reli kutoka Kisumu, baada ya kupita Maseno, Luanda na Yala. Njia hii yenye upana wa mita moja ilijengwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaja kukaa muda mrefu bila treni, kisha Shirika la Reli la Kenya likaifufua mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mtu akiona reli iliyolala hivyo, jicho lake hukimbilia kichwa cha reli kilichogeuka kahawia. Hatari kubwa haiko hapo.

Chuma hushika kutu palipo na maji na hewa kwa pamoja. Kikilowa, chembe zake huachia elektroni na kuyeyukia katika maji. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Mazao ya pande hizo mbili yakikutana na kupata oksijeni zaidi, kutu hutokea. Kwa hiyo panapoliwa si lazima pawe panapoonekana kutu.

Ulick Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilithibitisha hilo katika miaka ya 1920 kwa tone la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma. Katikati ya tone, oksijeni ilikuwa haba na chuma kikaliwa. Kingoni, ilikuwa tele na chuma kikasalimika. Kutu ilijipanga duara kati ya sehemu hizo.

Butere hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Utando wa kutu kwenye kichwa cha reli ni mwembamba, na magurudumu yakirudi huusugua ukaisha. Kitako cha reli ndicho huumia: kimefukiwa na udongo na nyasi, hakikauki, na hewa hukifikia kwa shida. Vivyo hivyo kwenye maungio na pale reli inapokalia mataruma. Kutu nayo haikizibi chuma. Huvimba, hubanduka na kuacha chuma kipya wazi.

Mabati ya paa hukingwa na zinki, ambayo huliwa kwanza badala ya chuma. Reli za kawaida hazina koti hilo. Kinga yake ni kukauka: kokoto safi zinazopitisha maji, mitaro iliyozibuliwa, nyasi zilizofyekwa. Na mkaguzi afukue kitako, akipime unene, kabla ya kuamua reli ipi ibaki na ipi ing'olewe.