Digrii Chache Kushoto: Jinsi Sitaha ya Manowari Ilivyompa Rubani Nafasi ya Pili

Septemba 16, 1951, vita vya Korea vikiendelea, ndege ya jeti aina ya Banshee ilirejea kwenye manowari ya Marekani USS Essex ikiwa imeharibika baada ya kugongana na nyingine angani. Ilitua, lakini haikusimama. Ilivamia ndege zilizoegeshwa upande wa omo, ukatokea mlipuko na moto, na watu 7 wakafa. Kilichoiponza ndege ile kilianzia angani. Ukubwa wa maafa, hata hivyo, ulitokana na mchoro wa meli yenyewe, na mchoro huo ndio ninaotaka tuuchambue.

Manowari za kubeba ndege za wakati ule zilikuwa na sitaha moja iliyonyooka kutoka tezi hadi omo. Ndege iliingilia tezini, na kulabu iliyoning'inia chini ya mkia wake ilitakiwa kunasa mojawapo ya waya nene zilizolazwa kukingama sitaha. Mbele ya waya vilisimamishwa vizuizi, na nyuma ya vizuizi ziliegeshwa ndege zilizotangulia kutua, zikiwa na mafuta, mabaharia wakizihudumia. Afisa aliyesimama kando ya sitaha alimwongoza rubani kwa vibao viwili mikononi. Alipotoa ishara ya mwisho, rubani alipunguza nguvu za injini, na uamuzi ukawa umefungwa: anase waya, au agonge kizuizi.

Kwa ndege za rafadha, zilizokuwa nyepesi na za mwendo wa chini, hatari hiyo ilivumilika. Jeti ziliibadilisha hesabu. Mwingereza Eric Brown alikuwa wa kwanza kutua na jeti kwenye manowari, HMS Ocean, Desemba 3, 1945, na baada yake zilikuja jeti nzito zaidi na zenye kasi zaidi. Injini zao zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: zikishapunguzwa nguvu, zilichukua sekunde kadhaa kuzirudisha. Rubani aliyegundua kosa lake baada ya kupunguza nguvu hakuwa na sekunde hizo.

Waingereza walihangaika na tatizo hili hadi kujaribu sitaha ya mpira. Ndege ingetua kwa tumbo, bila magurudumu, na hivyo kupunguziwa uzito. Mwaka 1948 Brown alitua hivyo kwenye HMS Warrior. Swali likabaki: ndege isiyo na magurudumu itaondolewaje njiani haraka kabla ya inayofuata kufika? Katika kulijadili swali hilo, Agosti 1951, Dennis Cambell, afisa wa jeshi la majini aliyekuwa rubani, aliona kwamba njia ya kutua ingeweza kupindwa digrii chache kuelekea kushoto, mwisho wake ukaangalia bahari tupu badala ya ndege zilizoegeshwa. Lewis Boddington, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alishirikiana naye kuliendeleza wazo. Sitaha ya mpira ikaachwa, pembe ikabaki.

Jaribio la kwanza lilihitaji rangi tu. Februari 1952 mstari mpya ulichorwa juu ya sitaha ya HMS Triumph, na marubani wakawa wanagusa na kupaa tena, kwa sababu waya zilikuwa bado katika mkao wa zamani. Wamarekani ndio waliojenga kitu kamili: USS Antietam iliongezewa kipande cha sitaha kilichochomoza ubavuni kushoto, waya zikapangwa kufuata mstari mpya, na Januari 1953 ndege ya kwanza ikatua.

Hapo kanuni ya rubani iligeuka juu chini. Magurudumu yanapogusa sitaha, hapunguzi nguvu. Anazisukuma hadi mwisho. Akinasa waya, mtambo wa chini ya sitaha unaishinda injini yake na kumsimamisha. Akiukosa, anaishia ukingoni akiwa na kasi ya kutosha kuruka, anazunguka na kujaribu tena. Kwenye manowari za Marekani za daraja la Nimitz, ndege inayokuja kwa takriban kilomita 240 kwa saa husimama kwa sekunde 2 hivi, ndani ya mita zisizofika 100. Rubani mzuri pia hukosa waya, hasa usiku na bahari ikichafuka. Siku hizi anayekosa hurudi tena angani, na mara nyingi ipo ndege ya kumpa mafuta akiwa hukohuko.

Pembe ina gharama yake. Meli inakwenda mbele huku njia ya kutua ikielekea pembeni, kwa hiyo shabaha ya rubani haitulii. Chukua meli yenye mwendo wa kilomita 46 kwa saa na pembe ya digrii 9: mstari wa katikati unasogea kulia takriban mita 2 kila sekunde. Katika sekunde 15 za mwisho hizo ni mita 30, na rubani lazima auandame mstari muda wote. Upepo unaotokana na mwendo wa meli nao unafuata urefu wa meli, si njia ya kutua, hivyo unampiga kwa upande.

Kumwongoza rubani katika hali hiyo kungemzidi nguvu afisa wa vibao, kwani jeti ilipita kabla ishara yake haijafanyiwa kazi. Nicholas Goodhart, naye wa jeshi la majini la Uingereza, alibuni kioo kinachoakisi mpira wa mwanga kati ya safu mbili za taa. Mpira ukiwa juu ya taa, rubani yuko juu mno. Ukishuka chini ya taa, yuko chini mno. Anaona kosa lake mwenyewe na kulirekebisha papo hapo. Baadaye lenzi zilichukua nafasi ya kioo, lakini kanuni ni ileile.

Maafisa wa kuongoza kutua wangali kando ya sitaha, wakiwa na kitufe cha taa nyekundu za kumfukuza yeyote asiyekaa sawa. Wenye fulana za kijani wanahakikisha waya umerudi mahali pake na mtambo umepangwa kulingana na uzito wa ndege inayofuata. Wa njano wanaiongoza iliyotua itoke njiani. Mpaka sitaha itangazwe kuwa wazi, hakuna anayeruhusiwa kutua. Baadaye kila utuaji hupewa alama, na alama hizo hubandikwa ukutani ambapo kikosi kizima kinaziona. Huo kwangu ni uhandisi vilevile: kosa lisilofichwa ndilo linaloweza kusahihishwa.

Leo USS Gerald R. Ford inarusha ndege kwa mtambo wa sumaku-umeme badala ya mvuke, na mtambo wake wa kunasia ni mpya. Pembe imebaki. Imebaki pia kwenye Charles de Gaulle ya Ufaransa na Fujian ya China. Imedumu kwa sababu Cambell hakutegemea rubani asiyekosea wala waya usiokatika. Alikubali kwamba kukosa waya ni sehemu ya kazi, kisha akapanga mapema aliyekosa ataelekea wapi na ni nani hapaswi kuwa mbele yake. Yeyote anayesanifu mfumo unaobeba maisha ya watu anadaiwa kulijibu swali hilo kabla ya kujenga chochote.